Mnara wa Pisa Ulionyooka

4 Februari

Mpwa wangu Bi Penseli,

Kwa niaba ya ukoo mzima, na kwa majonzi ninayojitahidi kuyaonyesha, natangaza rasmi kwamba simu yangu ya mkononi, iliyonitumikia miaka sita bila kuumwa hata kichwa, imezikwa Jumatano saa nne asubuhi ndani ya Piramidi Kuu ya Misri, mstari wa kumi na moja wa matofali kutoka chini, upande unaotazama bomba. Marehemu ameacha chaja moja na kava. Rambirambi zisitumwe kwa simu.

Baada ya tangazo hilo, salamu. Mimi mzima. Mama yako mzima isipokuwa goti, ambalo siku hizi analitaja kama mpangaji: goti halikulala, goti halitaki ngazi. Mdogo wako amepata kazi kwenye duka la rangi, na kila akirudi anatueleza nyumba yetu ina rangi gani, kana kwamba sisi tumehamia jana.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka Mwalimu, yule aliyewafundisha jiografia na kuwachapa kwa ajili ya mito. Amestaafu. Miaka thelathini na mitano ameifundisha dunia bila kwenda popote, na kwa kuwa dunia nayo haikumfuata, ameamua kuijenga nyuma ya nyumba yake, pale alipokuwa na mboga. Anataka bustani ya maajabu: mtu anaingia getini, anatembea nusu saa, anatoka ameyaona majengo yote makubwa ya dunia na viatu vyake bado safi. Piramidi, Ukuta Mkuu wa China, Taj Mahal, Mnara wa Eiffel, ule uwanja wa mviringo wa Roma, na Mnara wa Pisa. Sharti moja tu, kisiwepo kinachozidi ngazi yangu kwa urefu.

Kazi amenipa mimi. Wengine wanasema ni kwa sababu nilimjengea nyumba miaka ishirini iliyopita. Mimi nasema ni kwa sababu katika mji huu ukitaja Timazi, jina nililopewa kwa ajili ya ule uzi wa kunyooshea kuta, hakuna anayeuliza ni yupi. Miaka arobaini na miwili nashika mwiko, na hakuna ukuta wangu uliowahi kuinama hata kwa kumsikiliza mtu.

Kuhusu simu: niliiweka juu ya ukuta nikichanganya saruji, nikageuka, nikaifunika nikidhani ni kipande cha tofali. Ililia humo ndani siku mbili. Mwalimu akawa anapita na kuniambia, "Fundi, Farao anakutafuta." Kwa hiyo sasa ni barua. Dereva wa lori la saruji huja mjini kwenu kila baada ya siku chache na amekubali kuzibeba.

Nakuomba vipimo vya hayo majengo, kwa kuwa uko kwenye ofisi ya kuchora ramani na mnavyo vitabu. Vitabu vya Mwalimu vina picha hafifu. Wachapaji wa siku hizi wanauonea wino huruma.

Na yule mpimaji wa viwanja uliyemtaja mwaka jana, mara moja tu, halafu ukanyamaza, hajambo? Nauliza kama mtu anavyouliza hali ya hewa.

Mjomba wako


19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Poleni na msiba. Nilipiga mara tisa. Kufikia ya saba nilishaamini umenikasirikia, nikaanza kukumbuka makosa yangu yote tangu darasa la pili. Sikujua nampigia Farao.

Mimi sijambo. Mwenye nyumba wangu amepaka vishikio vya ngazi rangi mpya bila kutuambia, kwa hiyo wapangaji wote tuna alama ya kijani kwenye kiganja na tunatambuana mjini. Ofisini mwezi mzima nachora madirisha ya jengo ambalo bado halijapata kiwanja. Bosi anasema madirisha ni mazuri.

Vipimo viko kwenye karatasi nyingine. Pembeni nimekuandikia yaliyonifurahisha. Piramidi Kuu, kila upande unapanda kwa nyuzi hamsini na mbili hivi; usizidishe, itakuwa kofia. Taj Mahal ina minara minne pembeni, na inasemekana waliijenga ikiinama nje kidogo kwa makusudi, ili tetemeko likija ianguke kando na isiliangukie kaburi. Mnara wa Eiffel waliujenga kwa ajili ya maonyesho na ulikuwa ubomolewe baada ya miaka ishirini, lakini watu wakauzoea. Mnara wa Pisa una ghorofa nane na umeinama karibu nyuzi nne.

Mjomba, mistari ya barua yako inaanza chini kushoto na kumalizikia juu kulia, kama inapanda kilima. Uliandikia ndani ya lori?

Msalimie mama, na goti.

Mpwa wako


16 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua niliandikia mezani. Meza ndiyo imeinama. Sikuitengeneza mimi.

Nimeona pia kwamba umejibu maswali yote isipokuwa moja. Hali ya hewa huko bado haijulikani.

Nyumbani kwema. Piramidi imekwisha, na msiba umesahaulika. Ukuta Mkuu wa China una hatua ishirini na nne, na umewazuia kuku wa jirani kwa siku tatu. Siku ya nne waliuruka. Mwalimu anasema hata ule wenyewe uliwahi kurukwa, kwa hiyo tumeiga barabara. Mnara wa Eiffel amepewa mchomeleaji, anaunganisha mabaki ya nondo. Sina la kusema kuhusu jengo lisilo na tofali hata moja. Juzi nilimsalimia mchomeleaji mara mbili hakuitika; kumbe lilikuwa ovaroli lake kwenye msumari. Lakini hata yeye mwenyewe haitikii, kwa hiyo kosa ni dogo.

Taj Mahal imezua mjadala. Mama yako alikuja kuitazama, Mwalimu akamweleza kwamba mfalme aliijenga kwa mapenzi baada ya mkewe kufariki. Mama yako akaizunguka mara moja, na goti lake, akauliza, "Na alipokuwa hai alimjengea nini?" Mwalimu hakujua. Haimo kwenye kitabu. Mama yako akanigeukia mimi, mdogo wake asiye na hatia. "Basi wewe unayenipenda nijengee mnara wa tangi ningali nabeba ndoo." Nikakubali mbele ya mashahidi. Tangi la lita elfu mbili, juu ya mnara wa matofali wa mita nne, uani kwake, kando ya kamba ya kuanikia nguo. Nikimaliza kwa Mwalimu naanza hapo.

Sasa Pisa. Tumekosana. Mwalimu anautaka uiname. Nikamwambia ananifahamu tangu lini. Akasema kuinama ndiyo sifa yake. Nikamwambia basi mji mzima unaishi kwa kosa la fundi mwenzangu, na mimi siwezi kumcheka mtu aliyekwisha kufa.

"Watu watakuja kuutazama kwa sababu umeinama," akasema.

"Mwalimu, mimi nikijenga kitu kikainama, nitazikwa nacho."

Akasema atamwita fundi wa ng'ambo ya daraja, yule ambaye kila anachojenga huinama bila kuombwa. Tumeachana kwa kupeana mkono, lakini wa baridi. Amenipa hadi mwisho wa mwezi wa nne kufikiri. Mimi sifikiri. Naujenga, na utasimama wima kama askari.

Mjomba wako


1 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Kwema. Alama za kijani zimefutika, mwenye nyumba sasa amepaka mlango. Lile jengo la madirisha limepata kiwanja, lakini kiwanja ni chembamba kuliko madirisha.

Usimnunie Mwalimu. Nimesoma habari za Pisa, na wala si kosa la mkono. Udongo wa pale ni laini. Walipofika ghorofa ya tatu ukazama upande mmoja, na mnara ukazama nao. Wakasimama miaka mingi. Waliokuja baadaye wakajaribu kuusahihisha, wakazijenga ghorofa za juu zikiwa ndefu zaidi upande ulioinama, ndiyo maana mnara umepinda kidogo kama ndizi. Kuumaliza kulichukua karibu miaka mia mbili. Yule fundi wa kwanza alitaka unyooke kama unavyotaka wewe. Ukiuinamisha hutakuwa unamcheka, utakuwa unamhurumia.

Na tena, kuinamisha kitu kwa makusudi na kisianguke ni kazi ngumu kuliko kunyoosha. Mpimaji ndiye aliyesema hivyo, tulipokuwa tunakula mchana, watu wengi tu mezani.

Nimefurahi kuhusu tangi la mama. Lita elfu mbili ni kilo elfu mbili. Naomba unitumie picha ya bustani.

Mpwa wako


8 Mei

Mpwa wangu,

Watu wengi tu mezani. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu na kila mara wamepungua.

Sisi wazima. Mdogo wako amepandishwa cheo, sasa anakoroga rangi. Mama yako amehesabu matofali ya tangi yaliyoletwa na kugundua kwamba yametimia, jambo ambalo halijawahi kutokea, na limemtia wasiwasi.

Kuhusu Pisa: nimeshinda. Nimeujenga ghorofa nane, nguzo ndogondogo pande zote, kazi ambayo vidole vyangu vitaikumbuka. Wima. Siku nilipotoa jukwaa Mwalimu akaja, akasimama mbali. Akavua miwani akaifuta. Nikajua sasa anamwita yule wa ng'ambo ya daraja. Badala yake akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Fundi," akasema, "sikutegemea kwamba ungenielewa."

Nikamwambia hata mimi sikutegemea kwamba yeye angenielewa. Tukacheka wote wawili. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyomaliza mambo. Alikuja kutaka kilichoinama, akaona kilichonyooka, moyo wake ukakubali wenyewe. Ukweli hauhitaji kelele.

Utaniuliza kama nilitumia timazi. Nimeacha. Uzi wanaoutengeneza siku hizi ni mwembamba mno, hauonekani. Nimejenga kwa jicho. Jicho la miaka arobaini na miwili linajua njia ya nyumbani.

Picha aliipiga Mwalimu, iko humu ndani ya bahasha. Nyuma ya mnara utaiona nyumba yake. Ufunguzi ni mwezi wa tisa. Mimi sasa nachimba msingi wa tangi, na tofali la kwanza naliweka tarehe kumi ya mwezi wa saba.

Mjomba wako mshindi


20 Juni

Mpwa wangu,

Sisi hatujambo. Kuna mtu hatujui kama hajambo.

Dereva wa lori amekuja mara tatu bila barua. Mara ya kwanza nikasema kazi zimembana. Mara ya pili nikasema hali ya hewa. Mara ya tatu dereva akasema alikukuta mlangoni, umevaa vizuri, umenawiri, ukamwambia "kesho." Akaondoka kesho yake mikono mitupu.

Kama hukuipenda picha, sema. Mimi si mtoto.

Mjomba wako


26 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe. Mimi mzima. Nilianza barua hii tarehe ishirini na mbili mwezi wa tano, na hii ni karatasi ya sita.

Picha nimeipenda. Nguzo zile ndogo nilizihesabu, hakuna hata moja uliyoibania. Niliipeleka ofisini kila mtu akaiona. Bosi aliitazama kwa muda mrefu akasema, "Huyu fundi amepataje pembe ile ile bila mashine?"

Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kushika rula kabla sijajua kushika kijiko vizuri. Uliniambia: ukiwa na shaka, usibishane na mtu, pima. Nikapima. Nyuma ya mnara inaonekana kona ya nyumba ya Mwalimu, uliyoijenga mwenyewe. Kona hiyo imenyooka kama uzi. Nikaweka rula juu yake, nikaweka nyingine juu ya mnara. Havifuatani. Nilidhani kamera. Nikamwomba mpimaji apime bila kumwambia kwa nini, akapata hivyo hivyo. Mnara umeinama nyuzi nne, upande wa kushoto wa anayeutazama. Kila ghorofa imesogea kiasi cha upana wa kidole, zote upande mmoja.

Mwalimu hakukubali mnara ulionyooka. Alidhani wewe umekubali kuuinamisha. Ndiyo maana alikushika mikono.

Ningeweza kunyamaza. Kwa bustani ni sawasawa, hata afadhali, na wiki tano nilijiambia hivyo. Lakini tarehe kumi unaanza mnara mwingine kwa jicho hilo hilo, na juu yake kutakuwa na tani mbili za maji, na chini yake mama anaanika nguo.

Ni macho, Mjomba. Ndiyo yaliyozika simu, yakasalimia ovaroli, yakapandisha mistari ya barua. Labda jicho la kushoto ndilo baya zaidi. Usiniambie kuhusu uzi mwembamba.

Naandika haya karatasi ikiwa juu ya goti, na hiyo ndiyo sababu mistari yangu leo nayo imepinda.

Mpwa wako


3 Julai

Kwa Mchora Ramani,

Salamu. Kwetu salama.

Ni udongo. Pale penye mnara palikuwa na shimo la takataka zamani, kila mtu mzima wa mtaa huu analijua. Udongo umezama kama ulivyozama Pisa, wewe mwenyewe uliniandikia. Mnara niliujenga wima.

Tarehe kumi naanza tangi.

Fundi


6 Julai

Shikamoo Mjomba,

Nimemwomba dereva anisubiri, amezima injini na anapiga miayo, kwa hiyo salamu ni fupi. Sote wazima.

Sawa, ni udongo. Sibishani na udongo. Ninaomba tu siku chache kabla ya tofali la kwanza. Hapa kuna hospitali ya macho, nimekwenda kuuliza. Ugonjwa huo wanauita mtoto wa jicho. Unaingia asubuhi, wanautoa, mchana unakunywa chai kwangu ukiwa umefungwa bandeji na ukilalamika. Wakikuta macho mazima nitakuja mwenyewe likizo, nitakubebea matofali, na mbele ya mama nitasema nilikosea.

Na kwa kuwa nimekuambia usilotaka kusikia, nitakuambia nisilotaka kusema. Mpimaji anataka kuja nyumbani kujitambulisha. Tangu mwezi wa pili. Mimi ndiye ninayemzuia. Kila mara namwambia subiri. Mama atampenda mtu yeyote anayenawa mikono, baba hayupo. Aliyebaki wa kumkagua ni wewe. Na mimi sitaki umsikie tu sauti, halafu ulisalimie kabati la viatu ukidhani ni yeye. Nataka umwone. Uniambie kama amenyooka.

Dereva anapiga honi.

Mpwa wako


9 Julai

Mpwa wangu,

Sisi wazima.

Jumamosi nitakuwa kiti cha mbele cha lori la saruji. Matofali ya tangi nimeyafunika turubai. Mwambie huyo mpimaji apige pasi shati. Nasikia nitaliona.

Mjomba


25 Septemba

Mpwa wangu Bi Penseli,

Nianze kwa kukushukuru kwa zile wiki tatu: kitanda chako, sakafu uliyolala wewe, na ile chai ya mchana, ambayo niliilalamikia kama ulivyotabiri. Jicho la kushoto linafanya kazi hadi linakera. La kulia daktari amesema mwakani.

Hakuna aliyenionya kuhusu kuona. Niliporudi nikakuta mama yako ana mvi. Nikamuuliza zimeanza lini, akasema, "Zina miaka minne, nilidhani unanistahi." Nikakuta kuta za chumba changu si nyeupe. Mdogo wako anasema ana jina la rangi hiyo lakini hawezi kulitamka mbele ya wageni. Nikamsalimia mchomeleaji mwenyewe, ana kwa ana, akaitika. Kumbe ana meno ya mbele mazuri.

Habari za mpimaji nimeshakuambia pale kituo cha basi uliponisindikiza, lakini nakuandikia ili ibaki kwenye maandishi. Nilimtazama tangu mlangoni hadi alipokaa. Masikio yake yako sawa. Anaposema uongo mdogo, kama alipodai kwamba chakula changu nilichopika kwa jicho moja kilikuwa kizuri, hutazama chini. Huo si ufa, ni nafasi ya kupumua, kila ukuta mzuri unayo. Mama yako ameshamweka kwenye kundi la wanaonawa mikono. Wazee wake waje mwezi wa kumi na mbili.

Mnara wa tangi tumeumaliza. Nilitumia timazi kila mstari. Uzi haujawahi kuwa mwembamba, nilikuwa nawaonea bure wale watengenezaji. Mpimaji alipokuja wiki ile na kile chombo chake cha miguu mitatu, akapima pande zote nne, akafunga sanduku, akasema, "Mjomba, hapa sina kazi." Tangi limejaa. Mama yako anaanika nguo chini yake na hatazami juu. Ni sifa kubwa kuliko zote nilizopewa.

Sasa bustani, maana najua unangoja hilo.

Siku ya kwanza niliporudi nilikwenda kwa Mwalimu peke yangu. Niliuona nikiwa bado getini. Mpwa wangu, umeinama. Nilikaa juu ya ndoo, nikautazama kama mtu anayemtazama mwanawe amerudi amelewa. Nikaenda kuchukua nyundo. Mwalimu akatoka mbio na leso ya kulia chakula bado shingoni, akasimama mbele ya mnara kanyoosha mikono. Akaniambia nikitaka kuuvunja nianze na yeye, na pensheni yake isomwe kwa sauti kwenye mazishi. Nikaweka nyundo chini.

Siku ya ufunguzi walikuja watu sitini na mmoja. Piramidi, ambayo iko sawa kila upande, waliipita kama wanavyopita jengo la posta. Taj Mahal, kina mama walirudia lile swali la mama yako. Wote wakaishia kwenye mnara. Wanajipanga mmoja mmoja, wananyoosha mikono kana kwamba wanauzuia usianguke, mwenzao anapiga picha. Hata kasisi na shekhe wa mtaa wetu walipiga, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na kwa mara ya kwanza wakaonekana wanasukuma kitu kimoja.

Wakaniuliza niliinamishaje. Hapo ndipo nilipoeleza habari za udongo. Nikawaambia juu ya shimo la takataka, na juu ya ndugu yangu fundi wa Pisa, aliyefanya kazi yake kwa uaminifu, ardhi ikamsaliti katika ghorofa ya tatu, na watu wakamcheka zaidi ya miaka mia nane. Nilieleza vizuri. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Mwalimu ameandika kibao kabisa na kukisimika mbele: kwamba mnara huu, kama ule wa Pisa, ulijengwa wima na kuinamishwa na ardhi. Na fundi wa ng'ambo ya daraja, ambaye alikuja kunicheka, akakanyagakanyaga pale chini kwa kisigino, akasema ndiyo, udongo huu ni laini. Jina la Timazi mjini liko pale pale. Siku hizi hata linapigwa picha.

Kwa hiyo niko na raha. Msalimie mpimaji. Mwambie kwamba mama yako ameshaanza kuuliza ukubwa wa viatu vyake, na asijibu bila kufikiri.

Mjomba wako

Nyongeza: Udongo ukizama, msingi huinama pamoja na mnara wake. Jana, watu walipokwisha kuondoka, niliweka pimamaji, kile chombo cha kupimia usawa, juu ya msingi. Msingi uko sawa, haukuinama.